Farasi Tulimtandikia Maranda, Sisi Tukalala Juu ya Gunia

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Mikindani, Jumapili alasiri, mbele ya madereva wa bodaboda, wachezaji wa mpira wa mtaani na wazazi wao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza marudio, maana mimi nikizoea neno nalirudia kama kasuku, na nimeacha kelele za watoto waliokuwa dirishani.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa pale mbele, shikamooni. Dada zangu wa samaki, nimewaona, na najua mmekuja kwa sababu hawa vijana ndio wanaowabeba alfajiri, kwa hiyo uzima wao ni uzima wenu. Vijana, habari za vijiweni?

Mwenyekiti aliponiita aliniambia, "Mjomba, uje uzungumze nao habari ya ajali." Nikamjibu kuwa ajali wanazijua kunizidi, wengine wamezibeba miguuni. Nikamwambia nitakuja kuzungumza habari ya farasi. Alicheka, nadhani alifikiri uzee umeanza.

Kwanza niulize. Nani hapa ameona farasi kwa macho yake, si kwenye runinga? Nyoosheni mikono. Watatu. Wewe mzee uliona wapi? Dar, kwa askari. Sawa. Basi tuko watu wanne, mkinihesabu na mimi.

Kusini yetu hii si nchi ya farasi, na sababu mnaijua: mbung'o, wengine mnamwita ndorobo. Pale juu kuna ile nyumba yenye kibao cha Livingstone, watalii wanaipiga picha kila siku. Mwaka 1866, mwezi wa tatu, yule bwana alishuka hapa hapa Mikindani na wanyama wa ajabu: ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu wale ambao mama yao ni farasi na baba ni punda, na punda wenyewe. Alitaka kujua ni mnyama gani atahimili mbung'o. Akapanda nao bara, kuelekea Ruvuma, na njiani wakaanza kufa. Lakini ukisikia malalamiko yake mwenyewe, mbung'o hakuwa peke yake. Waliokuwa wakiwaswaga wale wanyama waliwapiga na kuwabebesha kupita kiasi bila kuwapumzisha. Kwa hiyo hata jaribio lenyewe liliharibika, hukuweza kujua nani ameua, mdudu au uchovu. Hilo liwekeni akilini, tutalirudia.

Mimi farasi nimemjulia Nairobi. Nilikwenda kijana, mwembamba kama mnavyowaona hawa wanaocheza namba saba, nikapata kazi ya usaisi kwa bwana mmoja aliyekuwa na farasi wa mashindano karibu na uwanja wa Ngong. Uwanja ule upo tangu mwaka 1954, na mbio huwa Jumapili. Saisi ndiye anayemlisha farasi, anayemsugua, anayemsafishia banda, na kama ni mwepesi wa mwili, anayempanda asubuhi kumfanyisha mazoezi. Nilikaa huko miaka kumi na mmoja. Baadaye nikarudi nyumbani, nikasomea tiba ya viungo, nikanyoosha mikono na miguu ya watu hospitali mpaka nikastaafu. Kwa hiyo nusu ya maisha yangu nimekaa na wanaopanda, na nusu nyingine na walioanguka.

Sasa sikilizeni farasi anavyolala, maana hapo ndipo mkutano wetu ulipo.

Watu husema farasi hulala amesimama. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Miguuni mwake ana kano zilizopangwa kwa namna ya kujifunga zenyewe. Mguu wa nyuma, pale kwenye goti, kifuu kinajikwamisha kama komeo la mlango, na mnyama wa kilo mia tano anasimama pale bila kutumia nguvu. Anainamisha kichwa, mdomo wa chini unalegea, anasinzia. Mungu kampa hivyo kwa sababu porini yeye ni nyama ya simba; akilala chini, kuinuka kunamchelewesha.

Lakini kuna usingizi mwingine, ule wa ndoto. Katika usingizi huo misuli yote inalegea kabisa, kwa farasi na kwa mtu. Farasi hawezi kuupata amesimama, ataanguka. Lazima alale chini, ubavu kwenye ardhi. Hauhitaji mwingi, kama nusu saa hivi kwa siku, pengine saa nzima. Ila huo asipoupata, siku ya kwanza hutaona kitu. Siku ya pili pia. Zikipita siku kadhaa, utamkuta amesimama bandani, kichwa kinashuka, kinashuka, mara magoti ya mbele yanakatika, puu! Anashtuka, anasimama, anajifanya hakuna kilichotokea. Tulikuwa tunawajua farasi wa namna hiyo kwa makovu ya mbele ya miguu.

Na kwa nini farasi akatae kulala chini? Anaumwa mahali. Au banda ni dogo. Au kahamishwa, hapaamini. Au yuko peke yake, hana mwenzake wa kumlindia. Farasi wakiwa kundini, wengine wakilala mmoja hubaki amesimama. Ni kama nyinyi mnavyolindiana pikipiki.

Kwa hiyo kila jioni kazi yetu kubwa ilikuwa kitanda cha farasi. Maranda ya mbao, makavu, yasiyo na vumbi, unamwaga mpaka yanafika katikati ya muundi, pembeni unayainua kama ukingo wa mto ili asijibamize ukutani. Taa zinazimwa mapema. Hakuna redio karibu na mabanda. Na alfajiri bwana mwenyewe anakuja, na kitu cha kwanza anachoangalia si ndoo ya maji wala chakula. Anaangalia mkia na ubavu. Kama kuna maranda yameshika mkiani, anatabasamu: huyu amelala chini. Kama mkia ni safi siku tatu mfululizo, daktari anaitwa.

Daktari wa farasi! Kwa sababu ya mkia safi!

Na sisi? Sisi masaisi tulikuwa saba kwenye chumba kimoja, magunia chini, mablanketi mawili kwa watu watatu, na kule Nairobi baridi ya mwezi wa saba si mchezo. Redio ilikuwa kwetu, maana kwa farasi ilikatazwa. Tulikuwa tunacheza karata mpaka saa sita, na saa kumi na nusu alfajiri uko bandani na reki. Hesabuni wenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuja kuangalia kama nina maranda mkiani. (Hapa walicheka sana, na mama mmoja akasema, "Mkia unao?")

Niwasimulie siku niliyoanguka.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake mbio. Usiku kulikuwa na msiba Kibera, mtu wa kwetu, Mmakonde mwenzangu, nikaenda kukaa na wafiwa. Nikarudi saa nane usiku. Nikalala kama saa mbili tu, nikaamka nikanywa chai ya rangi, nikajiona mzima. Hilo mliangalie vizuri: nilijiona mzima. Nikapewa jike moja jekundu, mpole, mimi mwenyewe ndiye nilikuwa namlisha. Tukaanza kwa hatua, kisha matiti, ule mwendo wa kudundadunda, kisha nikamwachia akapiga shoti. Farasi wa mbio akinyoosha mwendo anafika kilomita sitini kwa saa. Sitini hiyo hiyo mnayoendesha mkitoka Mtwara mjini, tena wengine mnaizidi.

Mbele, kwenye uzio, kulikuwa na mfuko wa nailoni umenasa unapepea. Masikio ya yule jike yakasimama. Niliyaona. Ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba niliyaona. Siku nyingine zote, masikio yakisimama hivyo, mguu wangu unabana kabla sijafikiri, kiuno kinashuka, mkono unamwambia farasi "nipo". Siku ile macho yaliona, taarifa ikapelekwa, ikakuta ofisi imefungwa. Jike akaruka pembeni, mimi nikaendelea na safari yangu moja kwa moja. Mtulinga ukavunjika. Farasi alisimama hatua kama ishirini mbele, akageuka, akanitazama kama ananiuliza umefuata nini huko chini.

Bwana akasema bahati mbaya. Wenzangu wakasema ni mfuko. Mimi nikasema ni mfuko, miaka mingi nilikuwa nasema ni mfuko. Mzee mmoja tu, saisi wa zamani aliyekuwa hana jino la mbele, ndiye aliyeniuliza, "Wewe jana ulilala saa ngapi?" Nilimwona kama ananitukana.

Sasa nimeshasoma, najua alichouliza. Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliwapima watu kazi ya macho na mikono, kwanza wakiwa macho muda mrefu, halafu siku nyingine wakiwa wamekunywa pombe kwa kipimo. Wakakuta kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 damuni. Ni kiwango ambacho nchi nyingi ukikutwa nacho hupewi usukani. Akifika saa 24 bila kulala, ni kama mwenye asilimia 0.10. Haya, tuhesabu kwa kidole. Umeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi akina mama wa samaki. Saa 17 zinatimia saa nne usiku. Na saa nne usiku ndipo unapokwenda stendi kusubiri mabasi ya Dar! Unampakia abiria na begi lake, hujagusa hata uraka, lakini mkono wako umelewa.

Na mlevi wa pombe walau anajua amekunywa. Mlevi wa usingizi anakuambia niko fiti. Watu wanaolala kwa muda wa saa sita au pungufu kila usiku kwa wiki mbili, ukiwapima wanazidi kuharibika siku hadi siku, lakini ukiwauliza wanakujibu wamezoea. Usingizi hauzoeleki, jamani. Kinachozoeleka ni kutojua kwamba umepungukiwa.

Tena kuna kile kisinzio kidogo, sekunde mbili, tatu, macho pengine yako wazi kabisa. Ubongo umezima na kuwaka. Kwa sitini kwa saa, sekunde moja ni mita karibu kumi na saba. Sekunde tatu ni mita hamsini. Nusu ya uwanja wa Nangwanda, kutoka goli mpaka katikati, umeendesha huku haupo.

Mpanda farasi ana afadhali moja inayowakosa nyinyi, kwamba chombo chake kina macho. Farasi hataingia mtaroni kwa hiari yake. Lakini ana hasara moja inayomzidi dereva: chombo chake kinamsikia. Nzi akitua mgongoni mwa farasi, ngozi inatikisika pale pale alipotua. Mnyama anayemhisi nzi hawezi kukosa kuhisi kilo sitini zinazoyumba juu ya tandiko. Mpandaji asiyelala mkono wake unakuwa mzito kwenye hatamu, anavuta kwa kuchelewa na anavuta kwa hasira, kwa sababu usingizi ukipungua hasira ndiyo ya kwanza kupanda. Farasi naye anakasirika. Nimewaona majoki wazuri, wale wapandaji wa mbio, wakigombana na farasi mzuri, na ugomvi wote umeanzia kitandani usiku uliopita. Nyinyi hamna farasi wa kugombana naye. Mna abiria. Mnagombana kwa shilingi mia mbili.

(Dereva mmoja aliinuka hapa akasema, "Mzee, sisi tunalala mchana kijiweni." Nilikuwa nalisubiri hilo.)

Ahsante, kaa mwanangu. Mnalala mchana, naam, nimewaona. Nikipita saa nane, mwenzenu kalala chali juu ya pikipiki, kichwa kwenye taa ya nyuma, miguu juu ya usukani, kofia usoni. Mnalala kama farasi! Nusu amesimama, sikio moja linasikiliza mteja. Akiita mtu "boda!" wote sita mnaruka. Hicho ni kisinzio cha kusimama, kinasaidia, sikatai. Dakika ishirini za kulala alasiri zinaamsha mtu kweli, na wazee wetu waliita kailula wakiwa hawajapima chochote. Lakini farasi mwenyewe, aliyeumbwa na makomeo miguuni, hakimtoshi. Analazimika kulala chini. Wewe uliyeumbwa bila komeo kitakutosha vipi?

Usiku wa mtu umepangwa. Unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika tisini. Mizunguko ya mwanzo ina usingizi mzito sana, ule ambao hata ukibebwa hujui. Ile ya mwisho, kuelekea alfajiri, ina ndoto nyingi. Kila kipande kina kazi yake. Katika usingizi mzito mwili unamwaga kwa wingi homoni ya ukuaji, na hiyo si ya watoto tu, ndiyo fundi anayeshona misuli iliyochanika na kujenga mfupa. Saa za mwisho ubongo unarudia masomo ya mchana: namna ya kukata kona, namna ya kupiga krosi, namna ya kukaa kwenye tandiko farasi akiruka. Mtu anayelala saa tano usiku na kuamka saa tisa ameiba kipande cha mwisho karibu chote. Ndiyo maana kijana anafanya mazoezi wiki nzima na Jumapili bado anapiga mpira juu ya mwamba.

Hilo la mpira limejaribiwa. Mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, waliwachukua wachezaji 11 wa mpira wa kikapu, wakawaambia kwa wiki tano hadi saba mjitahidi kukaa kitandani saa kumi kila usiku. Hawakubadilishiwa kocha wala viatu. Muda wao wa kukimbia mbio fupi ukashuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5, na mitupo ya adhabu ikaongezeka kuingia kwa asilimia 9. Kwa kulala tu. Na utafiti mwingine wa huko Marekani, wa mwaka 2014, uliwaangalia wanamichezo wa umri wa shule: waliokuwa wakilala chini ya saa nane kwa usiku, uwezekano wao wa kuumia ulikuwa mara 1.7 ya wenzao. Kocha wa hapa, nimekuona unaandika. Andika na hiyo. Watoto unaowaita mazoezini saa kumi na moja alfajiri walitoka kwenye ngoma saa ngapi?

Nirudi kwa majoki kidogo, kuna jambo la uzito wa mwili. Joki lazima awe mwepesi, kilo hamsini na kitu. Wiki ya mbio wanajinyima chakula, wanakimbia wamevaa nailoni wapate jasho. Mwenye njaa na kiu halali vizuri. Na asiyelala vizuri, mwaka 2010 ilipimwa Chicago, akijinyima chakula kile kile sawa na mwenzake aliyelala vya kutosha, mafuta yanapungua kidogo na nyama ya mwili ndiyo inayoondoka. Kwa hiyo joki anapanda mizani amepungua kweli, lakini alichopunguza ni misuli ya kumshikilia farasi. Hapa kwetu hakuna anayejinyima ili awe mwepesi, tunajinyima kwa sababu nyingine, kwa hiyo nisiendelee.

Nawaona vijana mmeanza kuangalia simu. Ngoja niwape moja itakayowarudisha. Mwaka 2011 waliwachukua vijana wa kiume wenye afya, wakawalaza saa tano tu kwa usiku, wiki moja. Homoni ya kiume ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja! (Kelele. Mwenyekiti aligonga meza.) Mnanunua zile chupa za vinywaji vya nguvu na karanga mbichi na mihogo, kumbe dawa iko kitandani, na tena kwa kulala usingizi.

Sasa habari ya kupona, ambayo ndiyo kazi yangu ya pili.

Nilipovunjika, nilifungwa kitambaa begani nikarudishwa chumba kile kile cha watu saba. Redio, karata, mtu anakukanyaga akienda kujisaidia. Kila nikigeuka maumivu yananiamsha. Wiki ya nane mtulinga ulipaswa uwe umeshika, mimi bado siwezi kuinua ndoo. Bwana akachoka, akanipa nauli. Nikarudi hapa Mikindani, kwa mama. Marehemu mama hakujua habari za homoni. Alinitazama uso akasema, "Huyu hajalala." Akanitandikia kitanda cha kamba chumba cha uani, chandarua kipya, dirisha la upande wa bahari, akamkataza kila mtu kupita pale baada ya isha, hata wajomba zangu waliokuja kuniona akawaambia warudi mchana. Nililala kwa muda wa saa tisa, saa kumi, kama mtoto mchanga. Haukupita mwezi nikaanza kupiga makasia.

Siapi kwamba ni usingizi peke yake. Kulikuwa na samaki wa mama, kulikuwa na kutofanya kazi, kulikuwa na muda wenyewe. Lakini baadaye, miaka yote ya hospitali, nimeona jambo hilo kwa wengine. Dereva analetwa wodini mguu umevunjika, daktari anafanya kazi nzuri kabisa, halafu anarudi nyumbani na wiki ya tatu yuko kijiweni na magongo usiku wa manane, anasimamia pikipiki yake isiibiwe hesabu, ile pesa ya kila siku ya tajiri mwenye chombo. Akija kwangu kufanya mazoezi, anasinzia nikiwa nimeushika mguu. Namwambia nenda nyumbani kalale, mazoezi yatafuata. Ananuna, anadhani namfukuza.

Na la kichwa. Mtu akianguka akagonga kichwa, wengine wanasema asiachwe alale, mwamsheni, mpigeni makofi. Wengine wanasema mwacheni apumzike. Fanyeni hivi: kwanza hospitali, hata kama anasema hajambo. Akitapika tena na tena, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, kichwa kikizidi kuuma, akisema maneno yasiyoeleweka, au mkimwamsha haamki, hapo hamna cha kusubiri. Lakini daktari akishamwona na kusema aende nyumbani, usingizi ni sehemu ya matibabu, msimnyime. Na asirudi kwenye pikipiki wala uwanjani mpaka kichwa kimetulia kabisa. Majoki wakianguka na kugonga kichwa hawaruhusiwi kupanda mpaka daktari aseme. Bodaboda anajifuta damu anauliza abiria kaenda wapi.

Najua mtakachosema, maana nimeshakisikia. Mzee, tajiri anataka hesabu. Hesabu hailali. Hilo sina ubishi nalo, na sitasimama hapa na pensheni yangu nikakufundisha umaskini. Ila nitakuambia nilichokiona. Hesabu mnaitafuta saa 18 kwa siku, na katika hizo saa za mwisho nne mnapata abiria wawili. Vijiwe vingine wanagawana: hawa wa alfajiri, wanaanza saa kumi na moja na wakifika jioni wanaondoka kabisa, hawa wa usiku, hawaonekani kabla ya saa nane mchana. Mwenye kazi ya usiku mke na watoto wanajua kwamba asubuhi baba hasumbuliwi, hatumwi dukani, haitwi kusuluhisha ugomvi wa jirani. Na wiki ijayo msibadilishane ovyo ovyo, leo usiku kesho alfajiri, mwili hauna swichi. Msimu wa korosho ndio mbaya kuliko yote, pesa ipo, kila mtu anataka kwenda Newala usiku, na ndipo wodi inapojaa.

Joto, sawa. Mwezi wa kumi na mbili hapa chumba cha bati ni tanuri. Mwili ili ulale lazima upoe kidogo. Oga kabla ya kulala, maji ya kawaida yanatosha. Kalale barazani kama pana usalama, lakini na chandarua. Mbu ana kelele na malaria, vyote viwili ni maadui wa usingizi. Kahawa ya jioni kwenye meza ya mzee wa kashata mimi naipenda kuliko mtu yeyote humu, lakini nusu ya ile nguvu yake bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Mimi nimehamisha yangu iwe baada ya adhuhuri. Pombe inakulaza haraka na kukuamsha saa tisa na moyo unadunda. Simu mnajua wenyewe, mkeka wa kubeti haubadiliki kwa kuutazama usiku kucha.

Moja la wake na akina mama, nisilisahau: mwanamume anayekoroma kwa nguvu, halafu ghafla anakaa kimya kama kafa, halafu anavuta pumzi kwa kishindo, na mchana anasinzia hata akiwa anakula, huyo si mvivu. Koo linaziba usiku. Mpelekeni hospitali, na mpaka hapo msipande pikipiki yake.

Nilisema tutamrudia Livingstone na wanyama wake. Kuna ugonjwa ambao mbung'o humpa mtu, unaitwa malale, na kituko chake ni kwamba mgonjwa saa zake zinageuka: mchana analala, usiku anakesha. Basi nikipita vijiweni na kuwaona mmelala juu ya matenki saa nane mchana, na usiku wa manane mnapita mbio, nasema moyoni, mbung'o hayupo mjini lakini kazi yake tumeichukua sisi wenyewe. Na mmoja wenu akianguka, tutakaa msibani tunabishana kama wale wa 1866. Ni barabara? Ni breki? Ni mbuzi aliyekatiza? Hakuna atakayeuliza alilala saa ngapi.

Haya, naona saa inakaribia kumi na moja. Mwenyekiti anasema kuna muda wa maswali. Kabla ya maswali, wenye zamu ya usiku leo nyoosheni mikono. Wewe, na wewe, na yule pale mlangoni mwenye fulana ya Ndanda. Uliamka saa ngapi leo? Kumi alfajiri? Na unaingia stendi saa ngapi?

Inukeni. Hapana, si utani, inukeni. Maswali yenu watauliza wenzenu na majibu watawapigia simu kesho. Nendeni mkalale sasa hivi, chini, ubavu kwenye godoro. Pikipiki ziacheni hapa, mama wa samaki ataziangalia.